Nyoka anaongea, mti unatembea, kwa nini mama aliyekufa asirudi? (Kwa wanaoandika hadithi za watoto)

#1 Mwl_Uyole
Wakuu, salaam. Naandika hadithi za safari za ajabu kwa watoto wa darasa la nne mpaka la sita. Hii inayonisumbua inamhusu Tumpe, binti wa miaka kumi, wa Isongole. Mama yake amefariki. Usiku wa kumaliza matanga anasikia sauti ya mama ikiimba kutoka upande wa Ziwa Ngozi. Alfajiri anaondoka na mbwa wake, anapita mashamba ya viazi, anaingia msituni, anashuka mpaka majini kukutana na yule nyoka wa vichwa vingi tuliyesimuliwa sote kwamba analinda hazina ya Wajerumani.

Nimewasomea darasani. Nilipofika mwisho, Tumpe anarudi nyumbani bila mama, mtoto wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama nyoka anaongea, kwa nini mama asirudi?" Darasa zima likamuunga mkono.

Msimamo wangu ni huu: kwenye hadithi ya watoto kila kitu kinawezekana isipokuwa hicho kimoja. Jiwe liote mabawa, mbwa ahesabu nyota, sawa. Aliyekufa asirudi. Ukimrudisha, ujasiri wote wa Tumpe unageuka nauli tu: kalipa, kapewa mzigo wake. Nipingeni, ila mje na sababu.

#2 SowetoMbeya
Mwalimu, nakupinga mapema. Mtoto anafungua kitabu apate pa kupumzikia. Msiba anauona mtaani, turubai na viti vya kukodi kila wiki. Ukimnyima mama hata kwenye hadithi, atampata wapi? Mrudishe, hata kwa usiku mmoja.

#3 ChaiYaRungwe
Naweka kambi hapa. Mimi hoja ya mama naiacha kwanza, nashughulikia njia. Usimshushe Tumpe kwa mistari miwili. Pale ukingoni wageni wengi hugeuza, wanapiga picha wanaondoka. Kutoka juu mpaka majini ni mteremko wa kushika mizizi, na asubuhi ukungu unajaa shimo lote, maji huyaoni kabisa. Mtoto anashuka kwenye weupe asioujua mwisho wake, mbwa hataki. Hapo ndipo ujasiri wa kitabu chako ulipo, kabla hata ya nyoka.

Halafu kitu kingine: Ngozi halina mto unaotoka. Maji yanaingia, juu ya ardhi huoni yanapotokea. Mwandishi ukipewa ziwa la namna hiyo usiliache bure.

#4 mzee_wa_masebe
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. ChaiYaRungwe kasema kweli. Na hilo ndilo ziwa la kreta kubwa kuliko yote Afrika, mwalimu aliandike.

#5 Kijungu
Shikamoo mzee. Mimi nimekulia karibu na Daraja la Mungu na nimesindikiza wageni kule Ngozi. Hata sisi wenye kulisifia huwa tunasema ni la pili. Kwenye kitabu cha watoto bora aseme tu ni kubwa, na kwamba ukiliangalia toka juu watu husema lina umbo la ramani ya Afrika. Watoto watalikumbuka kwa hilo.

#6 Baridi_ya_Makete
Nimesoma #2 mara kadhaa kabla ya kujibu.

Mimi ni yatima wa Makete. Wa rika langu kule tulikuwa wengi, ule ugonjwa ulipita nyumba kwa nyumba, na mpaka leo mkoa wa Njombe ndio unaoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini. Mama alipofariki niliambiwa amesafiri. Ni watu wazima walionipenda ndio walioniambia hivyo, sina kinyongo nao. Ila basi la kutoka Njombe lilikuwa linafika jioni, nami nilikuwa nakwenda kusimama pale linaposhushia. Nilikuwa mfupi, watu walinizunguka, kwa hiyo nilikuwa natazama viatu vinavyoshuka ngazini. Buti za mvua, ndala, raba, viatu vya mchungaji vilivyong'arishwa. Mama alikuwa na viatu vya bluu vya plastiki. Konda akishafunga mlango ndipo narudi nyumbani.

SowetoMbeya kaka yangu, ningepewa wakati ule kitabu ambacho mama anarudi usiku mmoja, ningeendelea kwenda stendi mwaka mwingine. Mwalimu, usimrudishe.

#7 SowetoMbeya
Pole sana dada. Nimekuelewa. Lakini wewe uliumizwa na uongo wa watu wazima, hadithi haikukugusa. Mtoto anajua tofauti ya "hapo zamani za kale" na "mama amesafiri". Tukisema paukwa, yeye akajibu pakawa, ameshajua anaingia wapi.

#8 Baridi_ya_Makete
Mtoto ambaye hajafiwa anajua. Aliyefiwa anasoma akitafuta mlango.

#9 Mama_Igawilo
Habari za jioni. Niseme la huku kwetu ambalo wote mmelikwepa. Hapa Mbeya aliyekufa akionekana tena, mtoto hatasema "mama karudi". Atasema msukule. Mwanangu ana miaka tisa na habari za misukule anazo kuliko mimi, kazitoa kwa wenzake shuleni na kwenye daladala. Mwalimu ukiandika mama anatoka kwenye maji usiku, nguo nyeupe, haongei sana, wewe umeandika faraja lakini watoto wa Mbalizi na Mwanjelwa watalala na taa inawaka. Na mzazi akikiona atakirudisha shuleni akisema mnafundisha ushirikina.

Mimi mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya na nyoka wako simpingi. Nyoka wa ziwani ni wa hadithi, kila mtu anajua. Maiti anayetembea huku siyo wa hadithi.

#10 Mwl_Uyole
Mama Igawilo asante, hili sikulipa uzito. Nilikuwa naliona suala la mafunzo tu, kumbe hata hofu yenyewe inabadilika kulingana na mahali.

#11 mzee_wa_masebe
Wanangu, ngano za zamani zilishalijibu hili na mnalipita. Bibi zetu walisimulia zimwi linameza mtoto, linameza mama, linameza ng'ombe na kijiji kizima. Mwisho mtoto mmoja aliyebaki analiua, linapasuliwa, wote wanatoka wazima, hata mbwa na kuku. Sasa kumbukeni: hao wamemezwa. Hawakuzikwa. Aliyezikwa kwenye ngano hatoki. Akitaka kumsaidia mtoto wake anaota mti juu ya kaburi, au anakuja ndege anaimba. Watoto wa zamani walijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Mwalimu akitaka mama arudi, basi asimuue. Amezwe.

#12 SowetoMbeya
Mzee umeniokoa. Amezwe!

#13 Kijungu
#11 ni nzuri ila inaibadilisha hadithi. Mtoto anayemfuata mama aliyemezwa anakwenda kuokoa. Mtoto wa mwalimu anakwenda kwa sababu haamini. Hizo ni safari mbili tofauti, na ya pili ndiyo ngumu kuandika.

#14 mtoto_wa_kalenga
Wa Iringa nimefika, msituache nje. Mnatafuta kitu kinachorudi kisicho mtu mwenyewe? Sisi tunacho. Wajerumani walimkata kichwa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, vitani wakakipeleka kwao, na mwaka 1954 fuvu likarudi Kalenga, lipo kwenye jumba la makumbusho mpaka leo. Mtu hakurudi. Lakini watu walikwenda kupokea. Tumpe arudi na kitu mkononi, siyo mikono mitupu. Mwalimu amemrudisha mikono mitupu ndiyo maana darasa limegoma.

#15 Msomaji_Gangilonga
Mtani wangu #14, hoja safi, tarehe safi, ila tuiweke sawa: Mkwawa hakukatwa kichwa vitani. Julai 1898 akiwa amezingirwa alijipiga risasi, wasimpate hai. Kichwa kilikatwa akiwa ameshafariki. Na kurudi kwake hakukuwa rahisi: kilitajwa kwenye mkataba wa Versailles mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba kirudishwe. Kikarudi 1954, enzi za gavana Twining. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa na miaka 35 kilipofika.

Nalisema hili kwa sababu ya uandishi. Hadithi nyingi za watoto zinafanya kurejesha kuwe kazi ya siku moja, anashuka, anapigana, anapanda. Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, ngome yao ya Kalenga ikaangushwa Oktoba 1894, halafu Mkwawa akaendelea kuwasumbua msituni karibu miaka minne hana ngome. Ujasiri wa Lugalo kila mtu anauimba. Ule wa msituni ndio unaofanana na wa mtoto aliyefiwa: umeshapoteza, na bado kesho unaamka.

#16 mtoto_wa_kalenga
Nakubali kwa Julai 1898. Lakini hoja ya mikono mitupu inabaki.

#17 Mkinga_wa_Tandala
Nimechelewa, nilikuwa dukani. Swali dogo: hiyo hazina ya nyoka mwisho wake inakwenda kwa nani?

#18 ChaiYaRungwe
Nilijua tu! Vichwa vyote vya nyoka vimeongea, Mkinga anauliza mzigo uko wapi 😂

#19 Mkinga_wa_Tandala
Cheka tu mtani, lakini ni swali la hadithi. Umetuonyesha hazina sura ya kwanza, mtoto atakaa anaisubiri. Kama haina kazi, itoe. Kama ina kazi, nyoka ampe Tumpe achague: dhahabu yote, au kitu kimoja cha mama. Mtoto wa maskini anayekataa dhahabu anajua anachokataa, ada, sare, bati la nyumba. Hapo nitamheshimu.

#20 Baridi_ya_Makete
Hapana. Mtoto maskini akatae pesa ndipo awe shujaa? Mwacheni achukue dhahabu na leso ya mama pia.

#21 Mkinga_wa_Tandala
Hilo nalo neno. Natafakari.

#22 Nnyakyusa_wa_Kati
Mimi nauliza la msingi zaidi: kwa nini lazima mama afe ndipo mtoto apate safari? Waandishi wanaua wazazi ili nyumba iwe tupu na mtoto aweze kutoka. Unyakyusa ya zamani haikuhitaji hilo. Wavulana wakifika miaka kumi hivi walikuwa wanajenga vibanda vyao pembeni, rika moja pamoja, wanalala huko, wanachunga ng'ombe mchana, wanakwenda kula kwa mama zao kwa zamu. Baadaye kinakuwa kijiji kamili. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi huku miaka ya 1930 wakayaandika haya. Kijiji kizima cha watoto, wazazi wazima, milima ipo, usiku upo. Unataka nini tena?

#23 Mama_Igawilo
Wavulana. Na Tumpe analala wapi?

#24 Nnyakyusa_wa_Kati
Kweli mama, wasichana hawakuwa na vijiji hivyo. Basi hapo ndipo hadithi: binti anayeingia kijiji cha wavulana kutafuta wa kumsindikiza Ngozi, na wote wanaogopa.

#25 Mwl_Uyole
#22 nimefurahi, lakini mimi sikumuua mama ili nyumba iwe tupu. Nimemuua kwa sababu darasani kwangu wapo waliofiwa, na vitabu vilivyo kabatini havina mtoto kama wao. Sungura anamdanganya fisi, sawa, wanacheka. Jumatatu mtoto anarudi kutoka mazishini amenyolewa, anakaa, na mimi sina cha kumsomea.

#26 Kijungu
Mwalimu, nimelala nikiwaza uzi wako na sasa nataka kusema jambo ambalo huenda hutalipenda. Yule wa dawati la nyuma hakuwa anauliza kuhusu kifo. Alikuwa anauliza kuhusu wewe. Ukurasa wa kwanza umeandika SAUTI YA MAMA INAIMBA. Wewe ndiye uliyeahidi. Mtoto kakuamini, kashuka mteremko wote ule na mbwa, mwishoni unamwambia hayupo. Na hujasema nani alikuwa anaimba.

Dunia ya ajabu inakubali chochote, lakini sheria zake zitajwe mapema. Nyoka aseme pale ukingoni kabla Tumpe hajashuka: ninaweza kukupa chochote kilichoanguka ndani ya ziwa hili, aliye kaburini simwezi. Halafu Tumpe ashuke HIVYO HIVYO. Kwa nini anashuka wakati ameshaambiwa? Ukijibu hilo una kitabu.

#27 ChaiYaRungwe
Nani aliimba? Jibu nilikupa #3. Ziwa halina pa kutokea, kila kinachoingia kinabaki. Mama alikuwa akienda kuokota kuni ukingoni anaimba, sauti ikaanguka majini, haijapata njia ya kutoka. Kwa hiyo siyo roho, siyo msukule, mama Igawilo atalala. Ni sauti ya siku za uhai wake.

#28 kipunji_2005
Kwa jina langu mnajua nitasema nini. Aliyeimba ni kipunji. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja nyani huyo, watafiti wakadhani labda ni kiumbe cha masimulizi tu, mpaka walipomwona 2003, na 2005 akatangazwa duniani kuwa spishi mpya. Ana sauti ya ajabu, inatoka kama honi inayobweka. Mtoto mwenye majonzi akiisikia usiku anaweza kusikia chochote. Mnyama aliyesemekana ni hadithi na kumbe yupo, na anaishi msitu wa Rungwe peke yake duniani!

#29 Msomaji_Gangilonga
Siyo Rungwe peke yake. Yupo upande wa Kitulo kwenye msitu wa Livingstone, na wengine wachache wako Ndundulu, safu ya Udzungwa. Ila wazo ni zuri. Shida yake ni moja: Tumpe akigundua alikuwa nyani, umemwambia mtoto kwamba majonzi yake yalikuwa kosa la masikio.

#30 kipunji_2005
Hapana, namwambia alikwenda kutafuta kimoja akakuta kingine ambacho hakuna mtu mzima aliyekiamini.

#31 Mchoraji_wa_Mafiati
Niongee kama mchoraji. Chochote mtakachoamua, mama asichorwe uso. Nimechora vitabu vya watoto. Ukichora uso wa mama, aliyefiwa anaona siyo wake, anakifunga. Chora mgongo wake akiwa shambani, kitenge, mikono ikimenya ndizi. Mikono mtoto ataijaza mwenyewe. Na nyoka mpunguzeni vichwa, kila kichwa kikiwa na kazi yake vitatu vinatosha. Saba ninachora, lakini mtoto atashindwa kujua nani anaongea.

#32 Mwl_Uyole
Vitatu haiwezekani, watoto wenyewe walihesabu saba.

#33 Mchoraji_wa_Mafiati
Basi vinne vilale.

#34 Nyumba_ya_Karatasi
Nafanya kazi ya kuchapa, niwakumbushe la mezani. Kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoratibiwa na TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), hadithi za watoto zinaingia. Mwalimu asikae na mswada kabatini. Na asiutume kabla ya kuusoma kwa sauti mbele ya watoto ambao siyo wanafunzi wake, maana wanafunzi wako wanakuogopa kidogo hata kama hawasemi.

#35 SowetoMbeya
Huyu wa dawati la nyuma haogopi mtu. Mpeni yeye uhariri.

#36 Mama_Igawilo
Nami nijibu swali la nani aliimba. Ameimba Tumpe mwenyewe. Mtoto akifiwa anaimba wimbo wa mama bila kujua, nimemwona mpwa wangu anaosha vyombo nyuma ya nyumba anafanya hivyo hivyo, ukimuuliza anasema "sijaimba". Pale Ngozi mlima umezunguka pande zote, ukiimba unarudishiwa. Basi akifika chini, anakaa kimya, na wimbo unakaa kimya. Ndipo anaelewa.

#37 Baridi_ya_Makete
Mama Igawilo, hii nimeipenda kuliko zote, ila kuna kitu kinanikera. Inamfanya awe peke yake kabisa kwenye hadithi. Mimi kilichoniponya stendi siyo kuelewa. Konda mmoja alianza kunisalimia kwa jina. Basi.

#38 Kijungu
Kumbe konda awemo. Nyoka awe konda 😀 Nasema kweli: kila kichwa cha nyoka kimjue kwa jina.

#39 mzee_wa_masebe
Nauliza mimi. Mwalimu ulitaja mama na mbwa. Huyo Tumpe hana mdogo wake? Nyumba ya Isongole mtoto wa miaka kumi awe peke yake? Kama yupo, ana miaka mitatu au minne, yeye ameambiwa nini? Na wakati dada yuko ziwani, nani anamlisha?

#40 Mwl_Uyole
Yupo mzee. Sura ya pili nimemweka kwa shangazi.

#41 ChaiYaRungwe
Na huyo mdogo ndiye anayeimba. Anaimba usiku kwa shangazi, upepo wa mlima unaleta.

#42 Mama_Igawilo
Bado nasema ni Tumpe.

#43 Mchoraji_wa_Mafiati
Awe yeyote, mwalimu, huyo mdogo usimwache kwa shangazi kitabu kizima. Watoto wanahesabu wahusika kuliko wahariri. Sura ya mwisho mtu atauliza yuko wapi, na safari hii siyo wa dawati la nyuma, watauliza wote. Nitumie sura ya pili na ya tatu kwa barua pepe, nianze na mikono ya mama na mtoto mgongoni.

#44 Mkinga_wa_Tandala
Na dhahabu?